Lenzi ya Kambo

Nugzari ametandika zulia juu ya boneti ya gari lake
pale Daraja Kavu, Tbilisi, mwezi wa pili,
na juu ya zulia macho arobaini ya kioo
yanawatazama wapita njia.
"Hii imezaliwa nyumba moja na kamera yako," ananiambia.
"Chanda na pete. Lari mia tatu na themanini.
Hii nyingine…" anainua bega moja,
"kampuni ya watu wengine. Ya kambo. Sitini."

Nikaondoka nazo zote mbili:
moja kwa fedha,
moja kwa ahadi ya kuirudisha Jumapili.

Mama yuko jikoni anapasua jozi.
Mimi nina jozi yangu mezani.
Nimebandika gazeti ukutani, ukurasa wa matangazo ya vifo,
maana herufi zake ndizo ndogo kuliko zote,
nikaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu,
nikajifanya hakimu.

Tundu likiwa wazi kabisa
ya nyumbani inasoma kila kitu, hadi saa ya maziko.
Ya kambo inasoma katikati tu;
huku pembeni marehemu wanayeyuka
kama sukari.
Nikilibana tundu hadi nane, sizitofautishi.
Kwenye nane kila lenzi ni mtoto mwema.

Matawi makavu ya mlozi
ya kambo inayatia ukingo wa zambarau.
Ikielekezwa kwenye jua inamwaga miduara ya rangi ya chai.
Na pete yake inazunguka kinyume:
mkono umezoea kulia, umbali unakuja kwa kushoto,
mara tatu nimekosa paka mmoja aliyelala.

Nimeijaribu kwenye filamu pia, roli iliyopitwa na muda.
Filamu ina staha. Chembe zake zinasitiri.
Dijitali haina haya:
unakuza, unakuza,
hadi kosa la fundi aliyekufa zamani linakujaa kiooni.

Ndipo nikaijua.
Si kwa jina, jina limesuguliwa, zimebaki herufi tatu;
niliijua kwa ule ulegevu wa pembeni.

Otia alikuja kwetu nina miaka tisa,
na sanduku, na kamera yenye lenzi isiyo yake.
Sikumwita baba. Nilimwita "wewe".
Kila siku yangu ya kuzaliwa alipanga watu,
akaniweka mimi katikati,
akabonyeza saa ya kamera, akakimbia,
akasimama mwisho wa mstari.
Zitazame picha zile: nyusi zangu unaweza kuzihesabu.
Na kule ukingoni kuna koti
lenye kitu cheupe juu yake, kinachotabasamu nadhani.

Majira ya baridi yale umeme ulipokatika miezi,
aliiuza lenzi, akarudi na mafuta ya taa.
Hatukuuliza. Tulipika.

Sasa ana miaka themanini na moja, anatengeneza redio isiyoharibika.
Nikamwambia, "Simama hapo, mbele ya dirisha."
Akasogea kando, karibu na kabati,
kwa mazoea, kama mtu anayewapisha wengine,
ingawa chumbani hapakuwa na wengine.
Sikumsahihisha.
Nikahamisha stendi.
Nikazungusha pete kwa upande wake mbaya, polepole,
tundu wazi kabisa,
hadi nywele za sikio lake zikasimama moja moja
na kabati lote, na vikombe vya Mama, na ukuta,
vikayeyuka.

"Ulitoa ngapi?" akauliza.
"Sitini."
"Umeibiwa," akasema,
akaninyang'anya, akaiinua kwenye taa,
akafumba jicho moja
akitafuta kuvu.